Shilingi Ilipoimarika Ghafla: Kisa cha Kiwanda cha Plastiki cha Nairobi, 2023–2024

Kwa miaka miwili watu wa viwanda nchini Kenya walilia kwamba shilingi inaporomoka. Ilipoimarika, ndani ya majuma machache mwanzoni mwa 2024, wengi walitarajia wenye viwanda washangilie. Kiwanda cha kisa hiki hakikushangilia. Kilipata hasara kubwa kuliko yote ya kipindi cha kuporomoka, na kwa kiasi kikubwa hasara hiyo ilitokana na hatua zilizochukuliwa kwa nia ya kujikinga.

Jina la kiwanda, ukubwa wake na baadhi ya bidhaa zake zimeondolewa au kubadilishwa. Viwango vya ubadilishaji wa fedha ni vile vilivyokuwepo sokoni, vimekadiriwa kwa urahisi wa kusoma. Hesabu za bei ya beseni ni za mfano, zimerahisishwa ili uwiano uonekane.

Kiwanda na soko lake

Ni biashara ya familia iliyoko eneo la viwanda la Nairobi. Inatengeneza vyombo vya plastiki vya nyumbani: beseni, ndoo, majagi, vikopo, viti vya watoto. Wafanyakazi wa kudumu ni wachache, na zamu ya usiku huendeshwa karibu yote na vibarua.

Malighafi kuu ni polipropilini, zile chembechembe nyeupe zinazokuja kwenye magunia ya kilo 25. Kiwanda huzinunua kutoka nchi za Ghuba, hasa Saudi Arabia, kwa dola elfu moja na ushee kwa tani. Kontena la futi 40 hubeba tani 24 au 25. Tangu oda ithibitishwe, meli ifike Mombasa, mzigo utolewe bandarini na kupandishwa Nairobi, chembechembe ziyeyushwe na kuwa beseni, hadi beseni hilo lifike kwa muuzaji wa jumla, ni kama miezi mitatu. Muuzaji huyo naye huchukua kwa mkopo wa siku 30. Kwa hiyo kati ya siku kiwanda kinapojifunga kulipa dola na siku pesa ya mauzo inapoingia, miezi minne hupita. Miezi hiyo minne ndiyo mzizi wa kisa chote.

Kiwanda kilikuwa na masoko matatu. La kwanza ni la nyumbani: Kamukunji, Gikomba, Eldoret, Kisumu, ambako kilishindana na viwanda vingine vya Nairobi na pia na vyombo vilivyotengenezwa China. La pili, ambalo lilikuwa linakua kwa kasi kuliko yote, ni Uganda. Malori yalivuka Busia na Malaba na mzigo ukaishia kwa wauzaji wa jumla wa Kikuubo, Kampala. Kwa kuwa nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa yenye cheti cha uasili haitozwi ushuru wa forodha, basi ushindani unabaki kuwa wa bei tupu. Wafanyabiashara hao waliuziwa kwa shilingi za Kenya. La tatu ni la mashariki mwa Kongo, wanunuzi wachache wa Bukavu, ambao huko kwao dola ni pesa ya kila siku na waliilipa kampuni kwa dola.

Shilingi kutoka 113 hadi 160

Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi 113 hivi. Mwisho wa mwaka huo ilikuwa 123. Katikati ya 2023 ilifika 140, mwisho wa mwaka ikakaribia 157, na katika siku za mwisho za Januari 2024 ikavuka 160.

Sababu zilikuwa kadhaa na zilishikana. Marekani ilikuwa imepandisha riba kwa haraka, na pesa za wawekezaji zikakimbilia huko. Kenya ilikuwa na hatifungani, yaani hati ya mkopo iliyouziwa wawekezaji, ya dola bilioni 2, iliyokopwa 2014, ambayo ilipaswa kulipwa yote mwezi Juni 2024, na kadiri siku zilivyosonga ndivyo soko lilivyozidi kujiuliza dola hizo zitatoka wapi. Mwanzoni mwa 2023 dola zilikuwa adimu hata kwa mwenye shilingi mkononi: benki ziliwapimia wateja kiasi cha kununua kwa siku, na bei ya dirishani ilikuwa juu ya ile iliyotangazwa na Benki Kuu. Mpango wa serikali wa kuagiza mafuta kwa mkopo wa siku 180 kutoka kampuni za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, ulioanza mwaka huo, ulikusudiwa kupunguza mbio hizo za dola za kila mwezi. Uhaba ulipungua, lakini shilingi iliendelea kushuka.

Kwa kiwanda, ugumu wa mwaka huo ulikuwa na sura mbili, bei ya dola na upatikanaji wake. Kuna juma ambalo mhasibu mkuu alizungukia benki tatu ili kukusanya dola za kontena moja. Mtu akishapita hapo, haishangazi akianza kuona dola kama chakula cha kuwekwa ghalani kabla ya njaa.

Mwaka wa 2023: faida iliyotoka ghalani

Vitabu vya mwaka 2023 vilionekana vizuri. Mauzo ya Uganda yaliongezeka, na faida kwa kila beseni ikapanda. Meneja wa mauzo alieleza kwamba bidhaa imekubalika, na msimamizi wa kiwanda akaeleza kwamba kalibu mpya zimepunguza uharibifu. Yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake, ila sehemu kubwa ya faida ilitoka kwingine.

Tuchukue dazeni ya beseni inayohitaji malighafi ya dola 10, pamoja na gharama za hapa nchini za shilingi 800: mishahara, umeme, kodi ya jengo, usafiri. Dola ikiwa 123, dazeni inagharimu shilingi 2,030, sawa na dola 16.50. Dola ikiwa 160 na gharama za nchini zikibaki palepale, inagharimu shilingi 2,400, ambazo ni dola 15. Dola imepanda kwa asilimia 30, lakini ile nafuu anayoweza kupewa mnunuzi wa nje ni asilimia 9 tu, kwa sababu ni sehemu ya shilingi peke yake iliyokuwa rahisi. Malighafi ilibaki dola 10. Na ile 800 nayo haikubaki 800: bili ya umeme ya Kenya ina tozo inayofuata mabadiliko ya fedha za kigeni, na dizeli ya malori ilipanda.

Faida kubwa iliyoonekana ilitokana na wakati. Malighafi iliyolipiwa dola ikiwa 135 iliuzwa ikiwa beseni miezi minne baadaye, dola ikiwa 147, na orodha ya bei ilikuwa imeshapandishwa kufuata soko. Tofauti hiyo iliingia kwenye vitabu kama faida ya uzalishaji, ilhali ilikuwa faida ya kuwa na mzigo ghalani wakati bei inapanda. Hakuna aliyeitenganisha. Katika ripoti za kila mwezi hapakuwa na mstari hata mmoja ulioonyesha mzigo uliopo ungegharimu kiasi gani kama ungenunuliwa leo.

Maamuzi matatu ya Desemba na Januari

Desemba 2023 wakuu wa kiwanda walikaa kupanga mwaka unaofuata. Benki Kuu ilikuwa imetoka kupandisha riba yake kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5, na dola ilikuwa bado inapanda. Mitaani kulikuwa na waliotaja 180 kabla ya Juni, na wengine 200. Maamuzi matatu yalifikiwa, na kila moja lilikuwa na hoja inayoeleweka.

La kwanza lilikuwa kununua malighafi ya miezi minne badala ya miwili. Hoja: kila mwezi wa kuchelewa katika mwaka uliopita ulikuwa umewagharimu, na uhaba wa dola wa mwanzoni mwa 2023 ulikuwa haujasahaulika. Nusu ya mzigo ililipwa papo hapo, sehemu kwa dola zilizotoka Bukavu na sehemu kwa dola zilizonunuliwa benki. Nusu nyingine muuzaji wa Ghuba aliitoa kwa mkopo wa siku 90, chini ya dhamana ya benki.

La pili lilikuwa kufunga bei ya dola za kulipia huo mkopo. Benki ilikubali kuwauzia dola hizo mwishoni mwa Machi na Aprili kwa bei iliyopangwa Januari, juu kidogo ya 160. Hoja ya mkurugenzi ilikuwa kwamba anataka kulala. Akijua deni lake kwa shilingi, atajua beseni lauzwe bei gani. Mhasibu mkuu aliunga mkono, ingawa alipendekeza wafunge nusu tu ya deni. Pendekezo lake halikujadiliwa kwa kina. Kikao kilikuwa kirefu na kila mtu alikuwa anaangalia upande mmoja.

La tatu lilihusu Uganda. Mhasibu alitaka wateja wa Kampala waanze kuuziwa kwa dola kama wale wa Bukavu. Meneja wa mauzo alikataa katakata. Wafanyabiashara wa Kikuubo walipenda orodha ya shilingi za Kenya kwa sababu kwa mwaka mzima shilingi hiyo ilikuwa ikishuka mbele ya ya kwao. Walibadilisha pesa mpakani na kuona mzigo unazidi kuwa rahisi. Kuwahamishia kwenye dola kungekuwa kuwanyang'anya nafuu hiyo, na wangeenda kwa jirani. Mkurugenzi akamkubalia.

Ukiyatazama moja moja, ungeweza kuyatetea yote. Pamoja, yalikuwa dau moja kubwa kwamba shilingi haitarudi nyuma.

Miezi miwili

Tarehe 6 Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha riba tena, hadi asilimia 13. Wiki iliyofuata serikali ikauza hatifungani mpya ya kimataifa ya dola bilioni 1.5, kwa mapato ya asilimia 10.375 kwa mwekezaji. Ilikuwa bei ghali mno, lakini pesa hizo zilitumika kununua mapema sehemu kubwa ya lile deni la Juni. Hofu kuu ya soko ikayeyuka. Wakati huohuo hatifungani ya miundombinu ya shilingi, yenye riba ya asilimia 18.46, ilitangazwa kutafuta shilingi bilioni 70. Yakaja maombi ya zaidi ya bilioni 288, na serikali ikachukua karibu bilioni 241. Wawekezaji wa nje waliotaka riba hiyo ilibidi walete dola na kununua shilingi. Waliokuwa wameficha dola nao wakaanza kuziuza kabla hazijashuka zaidi.

Dola ikatoka 160 mwishoni mwa Januari hadi karibu 132 mwishoni mwa Machi. Aprili ilikuwa ikichezea 130.

Kiwandani, dalili ya kwanza haikutoka benki. Ilitoka Kampala. Shilingi ya Uganda ilikuwa imetulia karibu na 3,800 kwa dola kipindi chote hicho. Kwa hiyo shilingi moja ya Kenya, iliyokuwa ikinunuliwa kwa shilingi 24 hivi za Uganda mwezi Januari, ilifika 29 mwezi Aprili. Orodha ya bei haikuwa imebadilika hata senti, ila kwa mnunuzi wa Kikuubo beseni lilikuwa limepanda kwa zaidi ya asilimia 20. Wateja wawili wakubwa walisimamisha oda mwanzoni mwa Machi. Wa tatu alipiga simu kueleza, kwa heshima kabisa, kwamba vyombo vilivyotengenezwa hapohapo Uganda sasa vilikuwa rahisi kuliko vya Nairobi, na kwamba angerudi mambo yakibadilika.

Dalili ya pili ilitoka Kamukunji. Vyombo vya China vilivyotua Mombasa mwezi Machi vililipiwa kwa dola ya bei mpya, na waagizaji wakashusha bei haraka. Kiwanda kilikuwa na ghala limejaa malighafi ya dola ya 160.

Kisha siku za mkataba wa benki zikafika. Kwa kila dola 100,000 kiwanda kililazimika kutoa zaidi ya shilingi milioni 16, wakati mwenye kuingia dirishani siku hiyo angezipata kwa milioni 13 na ushee. Mkurugenzi aliiomba benki isogeze tarehe. Benki ilikubali kwa sehemu moja ya kiasi hicho, lakini kusogeza hakukuondoa pengo. Liliahirishwa na kuongezewa gharama.

Aprili: kuuza kwa bei ipi?

Swali lililokuwa mezani lilikuwa moja. Dazeni ya mfano wetu, iliyotengenezwa kwa malighafi ya zamani, ilikuwa imegharimu shilingi 2,400. Kwa malighafi mpya ingegharimu 2,100. Je, iuzwe kwa kufuata ipi?

Kwa wiki tatu kiwanda kiling'ang'ania gharama ya zamani. Ni silika ya mfanyabiashara yeyote kutouza chini ya alichonunulia. Lakini hebu tazama Kampala ilivyoiona dazeni hiyo. Januari gharama ya 2,400 ilikuwa sawa na shilingi 57,000 za Uganda. Aprili, 2,400 zilezile zilikuwa zaidi ya 70,000. Kwa malighafi mpya, 2,100 zingekuwa 61,400 hivi. Kupanda kwa asilimia 8 mnunuzi angelalamika na kununua. Kupanda kwa asilimia 23 hanunui.

Mhasibu ndiye aliyeweka hesabu hiyo kwenye karatasi, na ndiyo iliyobadilisha mawazo. Waliamua mambo manne kwa haraka. Bei zote zipangwe kwa kufuata gharama ya kununua malighafi leo, na hasara ya mzigo wa zamani iandikwe mahali pake ionekane. Wateja wa Kampala wapewe orodha ya dola. Kusiagizwe malighafi yoyote hadi ghala lipungue hadi mzigo wa wiki sita. Na zamu ya usiku isimame.

Hili la mwisho liliandikwa kwa mstari mmoja kwenye kumbukumbu za kikao. Vibarua wa zamu ya usiku hawakuwa wamefunga bei ya dola wala kukataa orodha ya dola, na wengi wao hawakujua kwamba kuna uhusiano wowote kati ya habari njema za shilingi walizozisikia redioni na kukosa kazi kwao. Zamu ilirudi baada ya miezi kadhaa, ikiwa na watu wachache kuliko mwanzo.

Matokeo

Kiwanda hakikufungwa. Kiliuza mzigo wa zamani kwa hasara hadi Juni. Mmoja kati ya wale wateja watatu wa Kampala alirudi kwa orodha ya dola. Mwingine alibaki na kiwanda cha Uganda. Bukavu haikutikisika sana, kwa kuwa bei ilikuwa ya dola tangu mwanzo, ingawa kila dola iliyotoka huko sasa ilileta shilingi chache za kulipia mishahara.

Pigo ambalo hakuna aliyelihesabu mapema lilikuwa riba. Zilezile hatua zilizoimarisha shilingi zilifanya mikopo iwe ghali: wastani wa riba za benki za biashara ulipita asilimia 16 mwaka huo, na Benki Kuu haikuanza kushusha ya kwake hadi Agosti 2024. Kiwanda kilikuwa kimekopa ili kujaza ghala, na sasa kilikuwa kikilipa riba kubwa juu ya mzigo unaoshuka thamani.

Shilingi nayo haikurudi ilikotoka. Mwezi Juni vijana walijaa barabarani kupinga muswada wa fedha, muswada ukaondolewa, na Julai Moody's, shirika linalopima uwezo wa nchi kulipa madeni, likaishusha Kenya hadi daraja la Caa1, la hatari kubwa. Dola ikabaki karibu na 129. Mwenye kiwanda aliyekuwa akisubiri ghasia za kisiasa zimwokoe alisubiri bure.

Uchambuzi: kinga iliyoondoa kinga

Wengi waliosikia kisa hiki walilaumu mkataba wa dola. Lawama hiyo ni ya nusu. Kufunga bei ya dola si kosa. Wapo waliofunga 2023 na wakaokoka. Tatizo ni kile kilichofungwa.

Mwezi Januari kiwanda kilikuwa na mzigo wa malighafi ambao thamani yake sokoni inafuata dola: dola ikipanda, beseni litauzwa ghali zaidi, ikishuka, beseni litalazimika kushuka. Kilikuwa pia na deni kwa muuzaji wa Ghuba, ambalo nalo linafuata dola. Viwili hivi vilikuwa vinasawazishana vyenyewe. Dola ingefika 180, deni lingeuma lakini mzigo ungepanda. Dola imeshuka hadi 130, mzigo umeshuka lakini na deni lingeshuka: kila dola 100,000 za mkopo zingelipwa kwa shilingi milioni 3 pungufu, na pengo la ghalani lingezibwa karibu lote kwa nusu ile ya mzigo. Mkataba uliligeuza deni kuwa la shilingi na kuuacha mzigo peke yake. Kabla ya mkataba nusu hiyo ilikuwa salama pande zote. Baada yake ilikuwa wazi upande mmoja, nao ndio upande ambao upepo ulitokea.

Mkurugenzi alitaka kujua deni lake kwa shilingi, na alilijua. Asichoweza kujua ni bei ya beseni, maana hiyo hupangwa na mwagizaji wa China na kiwanda cha Kampala.

Mkopo wa siku 90 wa muuzaji wa Ghuba, kwa hiyo, ulikuwa kinga bora kuliko chochote ambacho benki ingeuza, na haukuwa na ada. Dola za Bukavu vilevile. Ziliingia kwa dola, zikalipia malighafi kwa dola, hazikupita dirisha la benki mara mbili. Hayo ndiyo yaliyofanya kazi katika kisa hiki, na hakuna aliyeyapanga kwa kusudi.

Uganda ndiko kosa lilikuwa zito zaidi, na nadhani lingeendelea kuuma hata kama mkataba wa benki usingekuwepo. Kuuza kwa shilingi za Kenya kulimaanisha kwamba bei ya Kampala ilikuwa ikiamuliwa na mnada wa hatifungani za Nairobi. Iliposhuka hakuna aliyelalamika. Meneja wa mauzo alisema kweli kwamba wateja walipenda orodha hiyo, lakini waliipenda kwa sababu kiwanda kilikuwa kikiwapa zawadi ambayo hakijaiona. Siku zawadi ilipogeuka kuwa kodi, waliondoka bila deni la shukrani.

Ghala la miezi minne lina utetezi wake. Aliyepitia uhaba wa 2023 alikuwa na haki ya kuogopa kukosa dola kabisa, na mashine zisizo na malighafi nazo ni hasara. Ila hofu ya kukosa ilichanganywa na hamu ya kununua kabla bei haijapanda. La kwanza linahitaji mzigo wa akiba wa wiki chache. La pili ni biashara ya dola, na kama kiwanda kilitaka kuifanya, kingepaswa kuiita hivyo na kuipimia kiasi cha hasara kinachoweza kubebwa.

Kutoka kiwanda hadi nchi

Kuna msemo wa kawaida katika mijadala ya uchumi kwamba sarafu dhaifu huwasaidia wauzaji wa nje. Kisa hiki kinaonyesha msaada huo unavyopungua malighafi ikiwa ya kuagizwa: asilimia 30 ilizaa asilimia 9. Takwimu za nchi zinaonyesha jambo la jamii hiyohiyo. Mwaka 2023 mauzo ya Kenya nje yalivuka shilingi trilioni 1 kwa mara ya kwanza, kutoka karibu bilioni 873 mwaka uliotangulia, na ilitangazwa kwa furaha. Lakini wastani wa dola ulitoka 118 hadi 140 katika miaka hiyo miwili. Ukigawanya, mauzo yalikuwa dola bilioni 7.4 hivi mwaka 2022 na bilioni 7.2 mwaka 2023. Shilingi ziliongezeka, dola hazikuongezeka. Huku bidhaa zilizoagizwa zikiwa za shilingi trilioni 2.6, nchi ilikuwa inalipa zaidi kwa kila kitu ili ionekane inauza zaidi.

Wauzaji wa nje nao hawafanani. Chai huuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa, na gharama zake nyingi, kuanzia mchumaji hadi kuni za kiwandani, ni za shilingi. Hapo dola ya 160 ilikuwa neema ya kweli kwa mkulima, na dola ya 130 ilikata karibu sehemu moja kati ya tano ya shilingi zake kwa kilo ileile na bei ileile ya mnada. Mshona nguo wa maeneo maalumu ya kuuza nje hununua kitambaa Asia kwa dola na kuuza Marekani kwa dola. Ni mishahara na umeme tu vinavyoguswa. Mtengeneza beseni anayeuza Uganda ana sarafu tatu mkononi, na ya Kampala wala haiangalii Nairobi inafanya nini. Sera ya fedha ni moja, na watu hawa watatu wanaipokea kwa namna tatu.

Sidhani Benki Kuu ilikosea kupandisha riba Februari 2024. Nchi iliyokuwa ikikabiliwa na deni la dola bilioni 2 la kulipwa kwa mkupuo haikuwa na njia nyingi. Lakini mwendo wa karibu asilimia 18 ndani ya miezi miwili, ndani ya mzunguko wa uzalishaji wa miezi minne, hauachi nafasi kwa kiwanda kurekebisha lolote. Shilingi ya 160 iliyotulia kiwanda hiki kingeiweza. Ya 130 iliyotulia kimeiweza pia.

Walivyobadilisha

Tangu katikati ya 2024 kiwanda kina ukurasa mmoja unaojazwa kila Ijumaa: mzigo uliopo kwa gharama ya leo, madeni ya dola, dola zinazotarajiwa kutoka kwa wateja, na tofauti kati yao. Mkataba wa dola na benki unaruhusiwa kwa ile tofauti peke yake, na kwa nusu yake mwanzoni, kama mhasibu alivyopendekeza Desemba ile. Faida ya ghala ina mstari wake, na marupurupu ya mameneja hayahesabiwi kutokana nayo.

Orodha ya Kampala bado ni ya dola, na mjadala wake haujaisha. Katika 2025 shilingi ya Uganda iliimarika, dola ikashuka huko hadi karibu 3,500 mwezi Septemba, na wateja wa Kikuubo wakafurahia bei za dola kwa sababu ileile iliyowafanya wafurahie za shilingi za Kenya mwaka 2023. Meneja wa mauzo sasa ndiye anayetaka orodha ibaki ya dola. Mhasibu amemwomba alete hesabu ya bei hizo endapo dola itarudi 3,800 huko Kampala, kabla ya oda za mwisho wa mwaka kupokelewa.